Children of Blood and Bone: kitabu nilichokisoma na mpwa wangu kando ya cherehani

Wasichana wako ndani ya kibanda cha Mama Agba wakifundishwa kupigana kwa fimbo. Askari wa mfalme wanakaribia. Fimbo zinafichwa, vitambaa na sindano vinatolewa, na kufumba na kufumbua wote wamekuwa mafundi wa kushona, vichwa chini, kimya.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mimi ni fundi cherehani Majengo, nashona madera na sare za shule, na najua mambo mangapi hupita kwenye chumba cha ushonaji. Mwanamke huja na dera la kupunguza, akakaa saa nzima, na la dera lilikwisha dakika ya kumi. Mwanamume akichungulia mlangoni, kila mtu anaanza kuuliza habari ya pindo. Mwandishi aliyejua kuificha nguvu ya wasichana nyuma ya sindano na uzi alinipata tangu kurasa za mwanzo.

Mwandishi huyo ni Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na kitabu kilitoka 2018. Mhusika mkuu ni Zélie, msichana mwenye nywele nyeupe, na nywele hizo ndizo alama ya waliozaliwa na kipaji cha uganga. Miaka kumi na mmoja kabla ya hadithi kuanza, Mfalme Saran aliwaua watu wazima wenye uwezo huo, mamake Zélie akiwa mmoja wao, na uganga ukatoweka nchini. Waliobaki ni watoto wenye nywele nyeupe na mikono mitupu. Sasa wanatozwa kodi inayopanda kila mara, na asiyelipa anachukuliwa akafanyishwe kazi za lazima. Zélie anakwenda Lagos na kakake Tzain kuuza samaki ili walipe. Sokoni anashikwa mkono na msichana anayekimbia: Amari, binti wa mfalme mwenyewe, ametoroka jumba la babake na hati ya kale inayoweza kurudisha kilichopotea. Nyuma yao anakuja Inan, mwana wa mfalme, ametumwa kuwakamata. Mengine sitayasema.

Nitasema habari ya kodi. Mimi ni Mgiriama kwa mama, na hawe wangu, yaani nyanya, alitusimulia habari za Mekatilili wa Menza tangu tukiwa wadogo. Waingereza walitaka kodi ya nyumba na walitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wageni. Mwaka 1913 Mekatilili alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, watu wakakusanyika, na wakala kiapo: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa mbali, Kisii. Wakatoroka wakarudi kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Kwa hiyo niliposoma juu ya mfalme anayeanza na kodi, kisha kazi ya lazima, kisha kuvunja mahali patakatifu, sikuhitaji kuambiwa nchi hiyo iko wapi. Tofauti ni kwamba Mekatilili alikuwa mjane, mtu mzima, na Zélie bado ni msichana ambaye hasira zake zinamtangulia.

Na hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu. Zélie anaogopa. Anakosea, na makosa yake yanawatia wengine hatarini, naye anajua. Kipaji chake ni kuamuru roho za waliokufa, na kila anapokitumia mwili unalipa: anachoka, anaumia, na kuna kipindi anauogopa uganga wake mwenyewe. Maneno ya kuuita ni ya Kiyoruba, lugha ya mamake, na mtoto aliyeyasikia zamani anayatamka kama mtu anayeokota shanga za mkufu uliokatika. Nimesoma hadithi nyingi za mashujaa wanaopewa nguvu asubuhi na jioni wameshashinda vita. Hapa nguvu inakuja pamoja na msiba, na msiba hauondoki.

Sisi wa Kiswahili tutakutana na jambo jingine. Wenye kipaji kilichoamka, kitabu kinawaita maji. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili na anakaa kwangu, alikuwa akinisomea kwa sauti huku mimi nikitia vifungo. Alipofika mahali maji wanapouawa, akasita akanitazama. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, mwaka 1905, na dawa ya maji iliyoahidiwa kuzishinda risasi za Wajerumani. Tuliacha kusoma, nikamweleza vita vya Maji Maji mpaka chai ikapoa. Tangu hapo kila neno hilo lilipotokea lilikuwa na uzito ambao kitabu chenyewe hakikuutia.

Yasiyonipendeza ni mawili. Sura zinasimuliwa kwa zamu na Zélie, Amari na Inan, kila mmoja akisema "mimi", na sauti zao zinafanana mno. Mara kadhaa nilirudi mwanzo wa sura kusoma jina nijue nani anaongea. La pili ni mapenzi. Watu waliokuwa wakitafutana kwa silaha wanapendana upesi kuliko damu inavyokauka. Mpwa wangu aliona ni sawa, mimi sikuamini. Tulibishana jioni mbili, naye bado hajanishinda.

Mzazi ajue pia kwamba mauaji yapo na mateso yapo, yameelezwa waziwazi. Kwa mtoto wa shule ya msingi ningesubiri. Mwishoni mwandishi ameweka maelezo kwamba alikiandika wakati akiona kwenye habari watu weusi wasio na silaha, watoto wakiwemo, wakipigwa risasi na polisi Marekani. Usiyaruke. Nilipoyamaliza nilirudi sura ya kwanza, na askari wale wa kodi wakawa watu wengine kabisa machoni pangu.

Sasa nakala. Ya kwanza niliinunua kando ya barabara kwa shilingi mia tano, na niliumia. Wino umefifia, karatasi unaona maandishi ya upande wa pili, na katikati kurasa zimejirudia huku nyingine hazipo kabisa. Zilizokosekana ni pale wanapoingia uwanja wa Ibeji, ambako watu wanapiganishwa ndani ya merikebu uwanja ukiwa umejazwa maji. Mpwa wangu alikaribia kulia. Niliporudi, muuzaji alikataa kubadilisha. Ukinunua barabarani, kifungue katikati, fuatisha namba za kurasa kwa kidole, ndipo utoe pesa. Nilijikaza nikanunua kingine dukani kwa bei karibu mara tatu, na sijuti: maandishi yanasomeka hata kwa taa ya cherehani, na mgongo haujaachia ingawa kimepita mikono minne.

Kinachoniuma ni lugha. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza nikiwa na kamusi pembeni, lakini wanawake wanaokaa kibandani kwangu kusubiri nguo walitaka kukisikia, na ikabidi niwasimulie mwenyewe kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, Ijumaa kwa Ijumaa. Mmoja alikuja na dera lisilo na kasoro yoyote ili ajue kama Amari amefika salama. Mchapishaji atakayekileta kwa Kiswahili, namngoja na pesa mkononi.

Mpwa wangu alipofunga ukurasa wa mwisho aliniuliza juu ya Mekatilili, kama kweli alitembea kutoka Kisii. Akaleta atlasi ya shule. Nilimpa tepu ya kupimia nguo, akachoma pini moja Kisii na nyingine Giriama, akafunga uzi mwekundu baina yake. Kisha akaanza kuhesabu mito.