Kutazama nyota changa pwani ya Jambiani

Mwezi wa Januari, katika siku za kiza, nilihudhuria mara mbili huduma ya kutazama nyota inayotolewa usiku pwani ya Jambiani, na naieleza kwa kirefu kwa kuwa sijapata kuona hapa Unguja mahali pengine ambapo nyota changa zinapewa uzito kama huu.

Darubini yao ina kioo cha sentimita 20, imewekwa nyuma ya ukuta wa mawe ili taa za hoteli zisiifikie, na tochi ya mwenyeji imefungwa kipande cha kanga nyekundu ili macho yetu yasipoteze mazoea ya giza. Baada ya kutuonyesha nebula ya Jabari, yaani wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, alihamia kundinyota la Ng'ombe, akatafuta kwa subira hadi akatua kwenye kinukta hafifu: T Tauri, nyota changa ambayo mabadiliko ya mwanga wake yalitambuliwa na John Russell Hind mwaka 1852. Kila mgeni alitakiwa ailinganishe na nyota mbili za jirani, kisha aandike daftarini ipi inang'aa zaidi. Daftari hilo ndilo lililonirudisha, kwani mabadiliko ya aina hii hayajulikani kwa kutazama usiku mmoja.

Maelezo yake yaliniridhisha kabisa. Mwanga wa nyota changa hupanda na kushuka kwa sababu zinazoingiliana: madoa makubwa yaliyopoa huzunguka pamoja nayo, vumbi la sahani ya gesi na vumbi inayoizingira hupita mbele yake, na gesi ya sahani hiyo huporomoka kwa kufuata usumaku, kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, ikaunguza pale inapoangukia. Nyota hizo hutoa pia eksirei, miali isiyoonekana kwa macho, ambazo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye korona, yaani tabaka la nje la gesi ya nyota, lenye joto la mamilioni ya nyuzi, na milipuko ya usumaku huziongeza ghafla. Alitaja nyota changa V1647 Orionis, iliyoangaza nebula ambayo Jay McNeil wa Marekani aliigundua Januari 2004 kwa darubini ya inchi 3 tu. Eksirei za nyota hiyo zilipanda pamoja na mwanga wake. Mfano huo peke yake ulinitosha kwa ada niliyolipa.

Kasoro ni tangazo lao. Limepambwa kwa picha ya rangi ya nebula ya Jabari iliyopigwa kwa eksirei, na mtoto mmoja aliyeinama kwenye darubini aliuliza kwa huzuni, "Maalim, zile rangi ziko wapi?" Angahewa huzuia eksirei za nyota zisitufikie; ndiyo maana Chandra, darubini ya eksirei, ilirushwa angani mwaka 1999, na mwaka 2003 ikaielekea nebula hiyo kwa takriban siku 13, ikapata vyanzo vya eksirei zaidi ya 1,600. Mwenyeji aliyasema haya vizuri, ila yangestahili kuandikwa chini ya picha kabla watu hawajalipa.

Anayetaka kwenda akwepe mbalamwezi, na aombe mapema kuonyeshwa T Tauri, kwa sababu wageni wengi wakiwapo nyota hiyo huachwa.