Kadi ileile, prosesa mbili: uzoefu wangu na Ryzen 7 5800X3D

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilicheza gemu kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki ya GeForce RTX 3070 na prosesa (chipu kuu inayopiga hesabu za kompyuta) ya Ryzen 5 2600, na muda wote huo niliamini kwamba kadi ndiyo inayozidiwa. Leo kadi ni ileile, ubao mama ni uleule na RAM ni ileile. Kilichobadilika ni prosesa, ambayo sasa ni Ryzen 7 5800X3D, pamoja na kipoza joto chake. Nimekaa nayo miezi minane. Namwandikia mtu aliye pale nilipokuwa mimi, mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu na asiyejua anunue kipi.

Kompyuta hii ilianza na GTX 1060 ya GB 6, kadi ya mwaka 2016, na prosesa yangu ya mwaka 2018 iliilisha bila shida. Kila gemu nililofungua liliitumia kadi hiyo kwa asilimia 97 au zaidi, maana yake kadi ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote na prosesa haikuwa ikiichelewesha. Nilipoitoa nikaweka RTX 3070 nilitarajia fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) ziongezeke maradufu kila mahali. Katika baadhi ya magemu zilipanda kweli, tena sana. Katika mengine zilipanda kidogo tu zikagoma hapo, na niliposhusha ubora wa picha ili zipande zaidi, hazikusogea. Niliyemwomba ushauri aliniambia ninunue kadi kubwa zaidi, na nusura nimsikilize.

Kilichoniokoa ni kusimama mahali pamoja na kupima. Katika Cyberpunk 2077 kuna soko lenye umati mkubwa wa watu, na nilikuwa nikihifadhi mchezo nikiwa nimesimama katikati yake ili kila kipimo kianzie hapohapo. Nilitumia rezolusheni (wingi wa pikseli) ya 1440p, ubora wa juu, bila ray tracing, yaani uchoraji wa mwanga kwa kufuata miale yake. Kaunta kwenye pembe ya skrini ilionyesha fremu 47 kwa sekunde, na kadi ilikuwa ikitumika kwa asilimia 58. Nikashusha ubora wote hadi kiwango cha chini kabisa: vivuli vikapotea, mwanga ukawa bapa, picha ikawa mbaya, na kaunta ikasoma 49. Nikarudisha ubora wa juu, nikawasha DLSS, teknolojia ya kukuza picha, katika hali ya Quality, ambayo kwenye skrini ya 1440p huchora picha kwa 960p kisha huikuza. Kaunta ikasoma 48. Kisha nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikashusha mpangilio mmoja tu, ule wa wingi wa watu mitaani. Umati ukapungua mbele yangu na fremu zikaruka hadi 59, ilhali ubora wa michoro sikuugusa hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kadi ya grafiki haiamui mtu wa mtaani aende wapi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya prosesa. Kwa kila fremu, prosesa ndiyo inayoanza: inasoma kibodi na kipanya, inapiga hesabu za mwendo na migongano, inaamua kila mhusika afanye nini, inachagua vitu vinavyoonekana na kamera, kisha inaandaa maagizo ya uchoraji na kuyapitisha kwa draiva, programu inayoiendesha kadi. Kadi huchora tu kile ilichoagizwa. Wakati kadi inachora fremu hii, prosesa huwa tayari inaandaa ijayo, kwa hiyo muda wa fremu haupatikani kwa kujumlisha muda wa hao wawili, bali hufuata muda wa yule aliye mzito zaidi. Fundi mwashi hajengi haraka kuliko saidia fundi anavyomletea ndoo za saruji. Ukimleta fundi hodari zaidi, ataishia kusimama na mwiko mkononi akisubiri.

Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7. Ukitaka 144, muda unashuka hadi milisekunde 6.9 kwa wote wawili. Fremu zangu 47 pale sokoni maana yake ni kwamba prosesa ilitumia takriban milisekunde 21 kuandaa kila moja, wakati kadi ilimaliza sehemu yake ndani ya milisekunde 12 hivi, kisha ikakaa bure. Kushusha ubora wa picha kulipunguza zile 12, na zile 21 zikabaki palepale. DLSS nayo ilipunguza zilezile 12. Jambo hili halisemwi vya kutosha: teknolojia ya kukuza picha hupunguza mzigo wa kadi, kwa hiyo kadiri unavyoitegemea ndivyo unavyozidi kuitegemea prosesa.

Wapo wanaofungua kidirisha cha matumizi ya kompyuta, wakaona prosesa iko asilimia 50, wakahitimisha kwamba haina tatizo. Nilifanya kosa hilo mwenyewe. Ryzen 5 2600 ina viini 6 na nyuzi 12 (mikondo ya kazi inayoendeshwa kwa wakati mmoja), na asilimia ile ni wastani wa nyuzi zote. Magemu mengi yana uzi mmoja mkuu unaobeba kazi ambayo haigawanyiki kirahisi. Uzi mmoja uliojaa kabisa ni kama asilimia 8 tu ya jumla, lakini huo mmoja ndio unaopanga mwendo wa gemu zima. Namba ya kutazama ni ya kadi. Kadi ikiwa chini sana ya asilimia 90, huku hujaweka kikomo cha fremu wala V-Sync (inayofungamanisha fremu na kasi ya skrini) haijawashwa, kuna kitu nje ya kadi kinachoichelewesha.

Niseme pia kuhusu RAM, maana karibu nilipe kwa kosa lisilo la prosesa. Vipande vyangu viwili vya DDR4 vimeandikwa 3200, lakini vilikuwa vikifanya kazi kwa 2133 tangu siku ya kwanza, kwa sababu XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM kufikia kasi iliyoandikwa, haikuwa imewashwa kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Kuiwasha kulipandisha fremu za sokoni kutoka 43 hadi zile 47 nilizotaja. Ni kazi ya dakika mbili isiyogharimu kitu, na ifanywe kabla ya kufungua pochi. Vilevile, mwenye kipande kimoja tu cha RAM aongeze cha pili kinachofanana nacho kabla ya kuilaumu prosesa, kwa sababu kipande kimoja hutumia njia moja tu kati ya mbili zilizopo.

Sababu ya kuchagua 5800X3D ilikuwa soketi, yaani mahali prosesa inapochomekwa kwenye ubao mama. AMD, mtengenezaji wa Ryzen, ilidumu na soketi ya AM4 kwa miaka mingi, na prosesa hii iliyotoka Aprili 2022 inakaa kwenye ubao wangu wa B450 wa mwaka 2018 baada ya kusasisha BIOS. Sasisho hilo lifanywe prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, la sivyo ubao hautaitambua mpya na kompyuta haitawaka. Kila kitu kingine nilikiacha kama kilivyo, hata pawa saplai, isipokuwa kipoza joto nitakachokitaja baadaye.

Niliporudi kwenye soko lilelile, hatua ileile, mipangilio ileile, kaunta ilisoma 78 na kadi ikawa inatumika kwa asilimia 96. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikigeuza kamera huku na huko. Kadi niliyokuwa nimeilaumu kwa zaidi ya mwaka ilikuwa na nguvu zile zote ndani yake, na hazikuwahi kufika kwenye skrini yangu. Nilipowasha DLSS Quality, ambayo awali iliniongezea fremu moja, sasa ilinipeleka hadi 98, na matumizi ya kadi yakashuka hadi asilimia 85, ishara kwamba prosesa mpya nayo imefikia ukomo wake, ila ukomo huo uko mbali zaidi.

Wastani, hata hivyo, si jambo ninalolithamini zaidi. Kipimo cha asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya fremu zilizo mbaya kuliko zote, moja katika kila mia, kilitoka 31 hadi 61. Hicho ndicho mkono unachokihisi. Zamani nilipokuwa nikiendesha gari kwa kasi katikati ya jiji la Cyberpunk, picha ilikuwa ikikwamakwama kila nilipoingia mtaa mpya, na kukwama kwa sehemu ya kumi ya sekunde kunatosha kukupeleka ukutani. Sasa gari linapita. Yeyote anayepima kompyuta yake kwa wastani peke yake anaiacha nje nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni ile nusu iliyo muhimu zaidi.

Siri ya prosesa hii ni kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 5 2600 ina MB 16 za kache ya ngazi ya tatu, zilizogawanywa kwa makundi mawili ya viini vitatu vitatu, kila kundi na MB 8 zake. 5800X3D ina MB 96 zinazotumiwa kwa pamoja na viini vyote 8, baada ya AMD kupachika tabaka la MB 64 juu ya zile 32 za kawaida. Gemu hurudia kusoma taarifa zilezile kila fremu: mahali alipo kila mhusika, hali ya kila kitu kinachosogea. Zikiwa ndani ya kache, prosesa huzipata karibu papo hapo. Zisipoenea, hulazimika kuzifuata kwenye RAM, na safari hiyo huchukua muda mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana faida kubwa zaidi niliiona kwenye magemu yenye vitu vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, kama Microsoft Flight Simulator kwenye viwanja vya ndege vikubwa, na Baldur's Gate 3 mtu anapofika mjini katika sehemu ya tatu. Counter-Strike 2 nayo ilibadilika kabisa, kwa sababu picha zake si nzito kwa kadi na anayeicheza hutaka fremu nyingi kadiri inavyowezekana.

Sasa nieleze mahali ambapo sikuona faida. Kwenye televisheni ya 4K, ninapocheza magemu ya masimulizi kwa ubora wa juu, sikuweza kuzitofautisha prosesa hizi mbili. Skrini ya 1080p ina pikseli milioni 2.07, ya 1440p ina milioni 3.69, na ya 4K ina milioni 8.29. Mzigo wa kadi hupanda pamoja na hesabu hiyo, lakini kazi ya prosesa hubaki karibu ileile, kwa kuwa umati wa sokoni hauongezeki kwa sababu skrini imekuwa na pikseli nyingi. Anayecheza 4K kwa fremu 60 na kadi ya kiwango changu asinunue prosesa hii. Aziweke fedha zake kwa ajili ya kadi. Kwa sababu hiyohiyo siviamini vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyotoa asilimia moja ya kutolingana kati ya prosesa na kadi bila kuuliza unacheza nini, kwa rezolusheni gani, na unataka fremu ngapi. Jozi yangu ya zamani ilikuwa mbaya sokoni na ilikuwa nzuri sebuleni, siku hiyohiyo.

Ray tracing inahitaji tahadhari, kwa kuwa watu wengi huihesabu kuwa mzigo wa kadi peke yake. Prosesa pia hubeba sehemu yake, maana muundo wa taarifa ambao miale hupigwa dhidi yake hulazimika kusasishwa kila vitu vinaposogea. Kwenye prosesa ya zamani niliiwasha nikidhani kwamba kwa kuwa kadi ina nafasi ya ziada sitapoteza kitu, na fremu zikashuka hadi chini ya 40.

Kasoro zake zipo. Hupata joto kwa urahisi, kwa kuwa tabaka la kache limekaa juu na kuziba njia ya joto; haiji na feni yake ndani ya boksi, na ile ndogo ya prosesa yangu ya zamani iliifikisha nyuzi joto 88 ndani ya dakika chache, hadi nikaweka kipoza joto kikubwa zaidi na ikatulia kwenye 70 hivi. Haikubali kuongezewa kasi kwa kupandisha kizidisho (namba inayopanga mwendo wa viini). Mwendo wake wa juu ni GHz 4.5, chini ya GHz 4.7 za Ryzen 7 5800X ya kawaida, kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya kuhariri video hana sababu ya kuichagua. Kwa mwenye kadi ya daraja la RTX 3060 kwenye skrini ya 60 Hz ningependekeza Ryzen 5 5600, ambayo haichoti umeme mwingi na itamtosha. Asiyeipata 5800X3D anaweza kutazama Ryzen 7 5700X3D ya mwaka 2024, yenye MB 96 zilezile kwa mwendo wa chini kidogo.

Kwa sasa nimeweka kikomo cha fremu 75 katika Cyberpunk 2077, bila DLSS, na muda wa fremu umenyooka kiasi kwamba mstari wake kwenye kaunta hauonekani kusogea. Kifaa nitakachobadilisha baadaye ni kadi, kwa kuwa GB 8 zake za kumbukumbu zimeanza kujaa ninapoweka ubora wa juu wa tekscha (picha zinazofunika vitu) kwenye magemu mapya. Faili lile la sokoni bado nimelihifadhi.