The Six Million Dollar Man: mbio na nguvu nilizitegemea, kilichonishika ni kingine kabisa

Kwenye muvi ya kwanza kabisa ya hii tamthilia, ile iliyotoka Machi 1973, kuna mama mmoja mtoto wake kabanwa kwenye gari lililopinduka, Steve Austin anakimbia anamchomoa yule dogo mzima, ila katika kuhangaika mkono wake wa kulia unachanika na pale palipotakiwa kutoka damu zinaonekana nyaya. Mama anautazama ule mkono. Asante hatoi. Na wala hamuulizi wewe ni nani, anamuuliza wewe ni kitu gani.

Nilisimamisha pale, nikarudisha nyuma, nikaangalia tena. Mimi nilikuja kutafuta jasusi wa kuruka kuta na kukunja vyuma kwa mkono mmoja, na hivyo vyote nilivipata na nilivifurahia sana, lakini lile swali la yule mama ndo lilinifanya nikae na hii siriizi mpaka mwisho, sizoni zote 5, na baada ya hapo nikahamia kwa Jaime Sommers, mwanamke wa bayoniki mwenye tamthilia yake, The Bionic Woman, nikamaliza na yeye. Kwahiyo haya ni maoni ya mtu aliyetazama yote, na naipa 8 kati ya 10 bila kuionea huruma.

Kwa ambaye hajui kabisa, ni hivi. Steve Austin ni rubani wa majaribio na mwanaanga aliyewahi kutembea mwezini, anaanguka na chombo cha majaribio, anapoteza miguu yote miwili, mkono wa kulia na jicho la kushoto. Serikali ya Marekani inamtengeneza upya kwa viungo vya bayoniki, yani vya mashine, gharama dola milioni 6, halafu ndo anakuwa jasusi wa idara inayoitwa OSI. Miguu inampeleka maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, jicho linavuta kitu cha mbali mara 20, mkono huo usiuseme. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya Martin Caidin ya 1972 inayoitwa Cyborg, zikaja muvi 3 za televisheni mwaka 1973, halafu Januari 1974 ikaanza kila wiki kwenye ABC, runinga ya Marekani, hadi Machi 1978.

Ule mwanzo wake wenyewe, yani zile sekunde za kufungulia, mimi sikuuruka hata siku moja. Chombo unachokiona kikibiringika ardhini sio cha kuigiza. Ni M2-F2 ya NASA, ajali ya kweli kabisa ya tarehe 10 Mei 1967 kule Edwards, California, na ndani yake alikuwepo rubani anaitwa Bruce Peterson. Alipona, ila baadaye jicho moja likapoteza kuona. Sasa fikiria, kuna binadamu ambaye siku mbaya kuliko zote kwenye maisha yake ilikuwa inarushwa kwenye runinga kila wiki, na wa kwenye hadithi analipwa jicho jipya, yeye wa kweli hakulipwa. Tangu nijue hilo sikuweza tena kuitazama ile ajali kama mwanzo wa muvi tu.

Tuje kwenye mbio. Watu wengi wakiiona leo cha kwanza wanachouliza ni kwanini mtu mwenye spidi ya gari anaonyeshwa kwa slomosheni. Mimi naona ndo uamuzi bora kuliko yote waliyofanya, na nitautetea popote. Ukitaka kuonyesha mtu ana kasi ukaharakisha filamu, anageuka kama wale wachekeshaji wa filamu za kimya, miguu inatapatapa, watu wanacheka, hadithi imekufa. Hawa wakafanya kinyume, wakampunguza mwendo, na ghafla unaona uzito. Unaona kiatu kinavyokanyaga nyasi na ile trakisuti nyekundu inavyojikunja magotini, unaona kifua kinapanda kinashuka, na ule mlio wa chuma tititititi unakupa hisia kwamba kuna kitu kinafanya kazi chini ya ngozi. Macho yanaona polepole ila akili inakwambia huyu mtu anapaa. Mlio wenyewe haukuwepo mwanzoni, episodi za mwanzo mwanzo ziko kimya kwenye mambo hayo, ukisikiliza kwa makini utaona walivyokuwa bado wanatafuta namna yao. Na walipoipata waliipata kweli, watoto wa wakati ule walikuwa wanacheza kwa kukimbia polepole huku wanatoa ule mlio kwa mdomo.

Lee Majors, anayemcheza Steve, wapo wanaosema haigizi, anasimama tu. Mimi sikubaliani. Huyu ni mtu anayeogopa kushika kikombe kwa nguvu asikivunje, lazima awe mtulivu. Angalia anavyofungua mlango ukilinganisha na watu wengine kwenye skrini, anaufungua taratibu kama mtu mwenye deni la mlango. Huo utulivu ni kazi, na aliufanya miaka minne bila kuuacha.

Halafu bosi. Kwenye ile muvi ya kwanza bosi sio Oscar Goldman, ni mtu anaitwa Oliver Spencer, ameigizwa na Darren McGavin, na ni mtu baridi mno. Kwake Steve ni kifaa, mwishoni anafikia hatua ya kuuliza kama wanaweza kumweka usingizini mpaka kazi nyingine itakapopatikana. Yani kama vile unavyorudisha nyundo kabatini. Zilipofuata zile nyingine Spencer katolewa akaletwa Oscar wa Richard Anderson, na Oscar anampenda Steve, anamtania, anamwombea. Kama mtazamaji nilimpenda Oscar, nani asingempenda, ila kwa hadithi naona walipoteza kitu, maana lile swali la mama likafunikwa. Steve akawa steringi wa kawaida mwenye bosi mzuri. Linafufuka kwa vipindi tu, mfano ile episodi ya 1974 ya The Seven Million Dollar Man, ambapo anagundua kuna mwingine katengenezwa, dereva wa mbio za magari, Barney Miller, huyu mikono yote na miguu yote. Barney hana ule utulivu. Nguvu zinampanda kichwani, anataka kupiga, anataka kuvunja, na Steve anapopigana naye unaona anapigana na mtu ambaye angeweza kuwa yeye. Monte Markham aliicheza vizuri mno ile nafasi. Mwaka uliofuata alirudishwa lakini jina likabadilishwa kuwa Barney Hiller, kwa sababu ABC hiyohiyo ilikuwa na komedi inayoitwa Barney Miller.

Sasa Jaime. Hapa naomba nafasi.

Machi 1975 walitoa episodi 2 zinazofuatana. Steve anarudi mji wa kwao, Ojai, anakutana na Jaime Sommers, ameigizwa na Lindsay Wagner, mcheza tenisi, mpenzi wa tangu utotoni. Wanapendana upya, wanaruka na parachuti, parachuti la Jaime linaharibika. Steve anamwendea Oscar na kumwomba, sio kuomba kwa kawaida, anaomba kama mtu anayezama, kwamba mtengenezeni kama mlivyonitengeneza mimi. Wanamtengeneza. Miguu, mkono wa kulia, sikio la kulia. Halafu mwili wake unavikataa vile viungo, na anakufa mezani kwa daktari.

Sisi tumekua tukiambizana steringi hafi. Mimi nilijua atarudi, nishajua ana tamthilia yake mwenyewe mbele, na bado koo lilinikaba. Walioitazama siku ile hawakuwa wanajua, na walilalamika kweli kweli mpaka Septemba ya mwaka huohuo ikabidi arudishwe. Ila walivyomrudisha ndo penyewe. Yuko hai lakini Steve hamkumbuki, na akijaribu kukumbuka kichwa kinamuuma na maisha yake yanakuwa hatarini. Kwahiyo huyu bwana mwenye mkono wa kuvunja ukuta, kazi yake inakuwa kunyamaza. Anamtazama mtu anayempenda akicheka na daktari mwingine na haruhusiwi kusema hata neno moja. Hakuna jicho la kuvuta mara 20 linalosaidia hapo.

Kuna nyimbo kaimba Lee Majors mwenyewe kwenye zile episodi za mapenzi yao, sauti yake sio ya mwimbaji na wimbo unarudiwa sana, hilo niliona ni kosa, matukio yalikuwa yanajitosheleza.

The Bionic Woman ilianza Januari 1976 na kwa maoni yangu ni bora kuliko tamthilia iliyoizaa kwa upande wa uigizaji. Lindsay Wagner alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike wa drama mwaka 1977, na ukimwangalia huulizi kwanini. Anafundisha watoto wa shule Ojai, darasa lenye fujo, na mara ya kwanza anawanyamazisha kwa kuchana kitabu cha simu na wale watoto wanakodoa macho, lakini baada ya hapo anawafundisha kweli. Steve anazificha nguvu zake, Jaime anaishi nazo.

Mabaya yapo na siyafichi. Picha zilezile zinarudiwa mpaka unazijua kwa moyo, ile ya kuruka ukuta utaiona mara nyingi ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Sizoni za mwisho zinachoka, ile hadithi ya chombo cha kuchunguza sayari ya Zuhura ilikuwa nzuri ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1977, haikuhitaji kurudi. Bigfoot naye, lile jitu la manyoya la msituni, zile episodi 2 za Februari 1976 alizocheza mwanamieleka André the Giant ni burudani safi, walipigana msituni nikasimama kwenye kiti, ila kurudiarudia kukampunguzia uzito. Na Steve wetu hakuagwa. Machi 1978 inaisha na kesi ya kawaida tu, inakatika, basi. Muvi za kuwakutanisha tena zilikuja 1987, 1989 na 1994, na hiyo ya mwisho ndo wanaoana, zitazame kama umewapenda, ile ya 1989 ina Sandra Bullock akiwa bado hajajulikana.

Ukiamua kuanza, usinunue ya Steve peke yake. Zimefungamana vibaya. Kill Oscar ya 1976, ile ya roboti wa kike wanaovuliwa sura ukakuta macho na nyaya (watoto wasiiangalie usiku), sehemu ya 1 na ya 3 ziko kwa Jaime na ya 2 iko kwa Steve, ukiwa na moja tu unaachwa njiani. Anza na muvi ya kwanza ya 1973, zile nyingine mbili za mwaka huohuo unaweza kuziruka, wanamfanya kama jasusi wa suti na vinywaji na hazimkai. Halafu Seven Million, halafu Jaime zote kwa mpangilio.

Na ukifika mwisho wa Jaime, Mei 1978, episodi inaitwa On the Run, kaa itazame bila simu mkononi. Kuna mtoto mdogo wa kike anaziona nyaya za mkono wake, na anamwita mwanamke roboti. Miaka mitano baada ya yule mama wa kwenye gari, swali ni lilelile, safari hii limetoka kwa mtoto. Jaime anaenda ofisini kusema ameacha kazi, na ndipo anapoelezwa kwamba mtu anaweza kuacha kazi lakini viungo vile ni mali ya serikali, haviwezi kuondoka tu vikaenda zake. Anakimbia. Na wanaomfukuza ni watu wa idara ileile aliyoifanyia kazi miaka yote, na Oscar anayempenda kama mtoto wake lazima achague yuko upande gani.