Sabufa au amplifaya na spika mbili?
Kwenye maduka ya Mwanga, Kigoma, sabufa ndiyo rahisi: amplifaya imo ndani, unachomeka tu. Besi hutingisha dirisha (muuzaji huanzia hapo, usimfuate). Sikiliza mwimbaji: mara nyingi amemezwa, na gitaa la solo liko mbali. Kwa sherehe ya uani inatosha. Kwa muziki wa dansi, bora amplifaya na spika mbili, japo zinataka nafasi na waya. Kila ala hukaa mahali pake.

Pima kwa wimbo uleule, sauti zikiwa sawa, maana yenye kelele zaidi hudanganya sikio. Besi ikipwaya, kagua waya: chanya na hasi zikigeuzwa kwenye spika moja, besi hufutana. Amplifaya iliyoandikwa ohmu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) pekee usiipe spika za ohmu 4; ukifungulia sana inaweza kuungua.