TAHADHARI kwa wenye boti: msinunue mitungi ya gesi ya faiba inayozungushwa Mtwapa na Tudor

Assalamu alaikum ndugu zangu wa baharini. Kuna mtu anazungusha mitungi ya gesi ya mitumba kwenye maegesho ya boti hapa pwani ya Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Tudor. Msiinunue. Na kama ushanunua, usiiunge kwenye jiko. Nawaomba msome mpaka chini, maana jambo hili linahusu roho za watu.

Mitungi yenyewe si ya chuma kama ile tuliyoizoea. Ni ya faiba, nyeupe kama maziwa, na ukiuinua kwenye mwanga waona gesi imefika wapi ndani. Muuzaji anawajua wateja wake. Hapeleki vibandani wala kwa kina mama wanaopika mahamri, anawatafuta manahodha wa boti za tanga na vijana wanaotunza yoti za wageni, kwa sababu anajua shida yetu: mtungi wa chuma ukikaa kwenye chumvi miezi michache, kitako chote kimeliwa na kutu. Basi maneno yake ni matamu. Atakwambia huu haushiki kutu, mtu mmoja anaubeba kwa mkono mmoja, umetoka kwenye yoti ya mzungu aliyeuza chombo akarudi kwao. Hayo yote huenda ni kweli, na ndiyo maana watu wanashikika. Asilolisema ni kwa nini mitungi hiyo ilishushwa chomboni.

Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa mabomba na vitu vya hatari, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi na inayojulikana kwa kifupi kama PHMSA, iliiamuru kampuni ya The Lite Cylinder Company ya Franklin, Tennessee, irudishe mitungi yake ya faiba. Haikuwa toleo moja lenye kasoro. Amri iligusa mitungi yote iliyotengenezwa kwa vibali maalumu vitatu: 13105, 13957 na 14562. Ilikatazwa kujazwa tena, na waliokuwa nayo wakaambiwa waache kuitumia, kwa sababu usalama wake haukuweza kuaminika tena. Kampuni nayo ikafunga, na wenye mitungi wakabaki nayo mikononi. Mingi ilikuwa kwenye boti za tanga, kwa sababu zile zile anazozitaja huyu muuzaji wetu: wepesi na kutoshika kutu. Sasa chombo cha tanga kinazunguka dunia, na kilichomo ndani kinazunguka nacho. Mtungi uliokataliwa kujazwa kwao ukifika huku unapata bei, kwa kuwa hapa hakuna anayezijua zile namba za vibali.

Mmoja nimeushika mwenyewe, wa nahodha rafiki yangu aliyeuziwa kwa elfu saba. Lebo ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, lakini aliyekwangua alikuwa na haraka. Zilibaki herufi DOT-SP, alama ya vile vibali maalumu vya Marekani, kisha 145, halafu mikwaruzo mitupu. Hakuna muuzaji mwaminifu anayekwangua lebo ya mtungi wa gesi. Mdomo wake ni wa Kimarekani, hauingiani na regulata zetu, kwa hiyo kilikuwa kimefungwa kipande cha shaba kilichochongwa na fundi na kuzungushiwa tepu nyeupe ya mabomba, tabaka juu ya tabaka. Tukapaka povu la sabuni. Mapovu madogo madogo yakaanza kupanda shingoni mwa valvu, taratibu, mojamoja, na valvu yenyewe ilikuwa imefungwa. Mtungi huo ulikuwa unalala chini ya kitanda cha mpishi.

Nikae kidogo hapo, kwa sababu nimewasikia wengine wakisema "kuvuja kidogo tu". Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Propani peke yake ni nzito karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Nyumbani ukifungua mlango inapata pa kutokea chini kwa chini. Ndani ya boti haina pa kwenda. Inashuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo kama maji kwenye bakuli, na kila saa inaongezeka. Ikifika takriban sehemu 2 katika kila 100 za hewa, cheche moja yatosha, na cheche za botini mwazijua: pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe usiku, swichi ya taa, stata ya injini alfajiri wakati wageni bado wamelala. Wala usijiamini kwamba utasikia harufu. Ile harufu ya kuoza hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane, lakini gesi ikiwa imelala chini ya mbao na wewe umekaa juu kwenye upepo wa kusi, pua itakwambia nini?

Halafu jiulize amejazia wapi. Anakukabidhi mtungi umejaa, na hilo analihesabu kuwa wema. Chini ya kanuni za gesi za mwaka 2019, mtungi unajazwa na mwenye chapa yake au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, kwenye kituo chenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta. Mtungi usio na chapa yoyote ya hapa nchini, kituo gani halali kitaupokea? Unajazwa uani: wa kilo 13 unageuzwa kichwa chini, mpira katikati, gesi inamiminwa bila mizani. Mtungi haupaswi kujazwa gesi iliyo katika hali ya maji kupita asilimia 80, kwa sababu gesi hiyo ikipata joto hutanuka na lazima ipate nafasi. Uliomiminwa kwa kukisia, ukiachwa juu ya sitaha jua la saa nane la Mombasa, hakuna anayejua umebakiza nafasi gani. Mambo ya kujaza vichochoroni tuliyaona Embakasi tarehe 1 Februari 2024. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, na kituo kile hakikuwa na kibali cha EPRA.

Ili nisiwaonee wengine: si kila mtungi wa faiba ni mbaya. Ragasco ya Norwei ni mtengenezaji mwingine kabisa na haikuwa kwenye amri ile. Ndiyo maana lebo ni kila kitu, na iliyokwanguliwa imeshajibu swali lako.

Namna anavyofanya kazi mtaitambua. Hana duka, mnakutana ukingoni mwa maji. Risiti hatoi. Pesa anataka kwa M-Pesa, na jina linalotokea kwenye ujumbe silo alilokupa. Ukimhoji, anatoa karatasi yenye mhuri na kusema EPRA wameshaukagua mtungi. EPRA wanatoa leseni kwa wafanyabiashara wa gesi, hawagawi karatasi za kuusifu mtungi mmoja wa mitumba. Ukimwambia ausogeze juani uisome lebo, papo hapo bei inashuka.

Kwa matumizi ya botini, wa kilo 6 au 13 wenye chapa na lakiri yake, kutoka kwa wakala mwenye leseni, unatosha. Utashika kutu, ndiyo, basi ubadilishe mapema. Uweke nje, kwenye sanduku lake lenye tundu chini linalomwaga baharini, juu ya mstari wa maji. Funga valvu kila ukimaliza kupika, hata kama ni chai tu.

Kwa aliyenunua tayari: funga valvu, fungua mpira, uteremshe mtungi chomboni ukiwa wima na uuweke kivulini mahali pa wazi, mbali na moto na mitaro. Usiutoboe, usiukate kwa grinda, usiufungulie ufukweni uishe wenyewe huku watoto wakiogelea. Waite zima moto wa kaunti au EPRA waseme uende wapi. Na tafadhali, usimuuzie mwenzako ili urudishe elfu saba zako. Ujumbe wa M-Pesa na picha ya mabaki ya lebo uvipeleke kituo cha polisi, hata kama umeshakata tamaa na pesa.

Kama amefika kwenu Kilifi au Shimoni, andikeni hapa rangi ya mtungi na herufi zilizobaki kwenye lebo, ili manahodha wengine wajue cha kutazama. Namba yake ya simu msiibandike hadharani, ipelekeni polisi.