Nilivyopeleka betri kuukuu za UPS na laptopu kwa wakusanyaji wenye leseni, Mombasa

Ukiwa na saiba, yaani duka la intaneti, na meza ya ufundi huku Changamwe, betri mbovu hazikosi. Kila UPS ndogo, kile kifaa kinachoiwasha kompyuta kwa muda umeme ukikatika, ina betri yake ya volti 12, boksi jeusi zito la kilo mbili na ushei, na joto letu la Pwani halizihurumii. Umri unaoandikwa na watengenezaji hupimwa kwenye nyuzi 20 au 25 za Selsiasi; joto likizidi hapo kwa nyuzi nane hadi kumi, umri hukatika nusu. Kwenye chumba kisicho na kipoza hewa, mchana wa Februari, betri ya miaka mitano inakufa mapema sana. Ongeza betri za laptopu zinazoachwa na wateja, na vile vibetri vya duara vya CR2032 vinavyokaa kwenye bodi za kompyuta, chini ya meza panajaa upesi.

Njia rahisi kila fundi anaijua. Vijana wa vyuma kuukuu hupita na mkokoteni, wanapima, wanalipa taslimu, wanaondoka. Na wanalipa vizuri, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya UPS ni risasi, ile metali laini yenye sumu. Mimi siwauzii, na sababu yangu haiko mbali: ni Owino Uhuru, hapo Mikindani.

Kijiji hicho kilipakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za magari ili kupata risasi. Kilianza kazi 2007 na kikafungwa 2014. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita kati ya nyumba, na watoto walipopimwa damu ikakutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo hadi mwanawe mchanga akaugua, ndiye aliyelisimamia jambo hilo na wenzake, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Betri ya UPS ni ya aina ile ile, ila ndogo. Watu hudanganyika kwa kuwa imefungwa kabisa na haimwagi maji ukiilaza. Asidi imo ndani, imefyonzwa na vitambaa vya nyuzi za kioo baina ya sahani za risasi. Risasi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 327, na jiko la makaa linalifikia joto hilo bila taabu. Kwa hiyo mtu anaweza kuipasua betri kwa panga, asidi akaimwaga mtaroni, na risasi akaiyeyushia nyuma ya nyumba. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inamwathiri ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kwanza niliuliza kwenye duka lililoniuzia UPS hizo kama wanazipokea zikifa. Hawapokei. Jibu hilo liliniuma, maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao hadi zinapokuwa taka. Basi nikatafuta kampuni ya kukusanya taka za kielektroniki yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Jina lao silitaji, kwa sababu nina malalamiko na yanaweza kuwa ya tawi hili tu.

Kabla ya kubeba chochote niliomba picha ya leseni yao. Wakaituma kwa WhatsApp bila maswali. Itazame kwa makini: kusafirisha taka na kuzichakata ni leseni mbili tofauti, na tarehe ya mwisho iangalie pia. Halafu wakanipa maelekezo ya kufungasha, na hapo ndipo walipoanza kunipendeza. Vichwa vyote viwili vya betri, chanya na hasi, vifunikwe kwa tepu ya umeme. Nilieleza kwamba ni mbovu, hata UPS haziwashi. Wakanijibu kwamba betri iliyoshindwa kuendesha UPS bado ina nguvu ya kutoa cheche vichwa vikigusana na chuma, na mkanda wa karatasi uliolala jirani ukashika moto. Betri zisimame wima, zisipandane bila kadibodi kati. Laptopu iliyofura betri isibanwe wala isitobolewe, na ije peke yake.

Pale mapokezi kulikuwa na dada mmoja mwenye glavu nzito na aproni ya mpira. Aliigeuza kila betri mkononi, akiitazama kwenye kona na kwenye vichwa. Moja ilikuwa na ufa mwembamba chini, na unga mweupe umeganda kwenye kichwa chake. Nikanyoosha mkono nimpe.

"Hiyo usiiguse tena kaka, niachie mimi," akasema, akaiweka kwenye beseni nene la plastiki lenye mfuniko. Nyingine zikapangwa wima kwenye jukwaa la mbao, kadibodi katikati ya kila safu, kisha zikapimwa kwenye mizani ya sakafuni na kuandikwa daftarini mbele yangu. Nikaelekezwa nikanawe mikono kwa sabuni, nami sikuwa nimelifikiria hilo: vumbi la risasi husafiri kwa vidole hadi kwenye chakula.

Betri za laptopu zilikwenda meza nyingine. Betri nyingi za laptopu za zamani zina seli za duara ndani, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na mara nyingi betri inayohesabiwa kufa imeangushwa na seli mbili tu. Fundi wao alizipima kwa mita, akaeleza kwamba zilizo nzima hutumika tena kwenye taa za sola. Iliyofura aliizika kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu. Kufura kule ni gesi, kemikali za ndani zikioza. Ikitobolewa inaweza kulipuka moto wenyewe, na moto wa betri hizi za lithiamu ukizimwa huweza kuwaka tena baadaye. Nikawaza lori la taka linaloshindilia mizigo kuelekea Mwakirunge likiwa na betri kama ile ndani, na vijana wanaookota pale jalalani.

Sasa malalamiko. Nilipouliza seli mbovu za lithiamu zinaishia wapi, mtu wa kaunta alijibu "zinachakatwa" na kuendelea na kazi. Nikang'ang'ania hadi msimamizi akaja, akanieleza kwa kirefu kwamba zinahifadhiwa hadi mzigo utoshe, kisha zinapelekwa viwanda vya nje kwa vibali. Hilo ndilo jibu mteja alistahili kupewa tangu mwanzo. Cheti cha kuonyesha walichopokea nacho kilichelewa, nikafuatilia kwa simu, na kilipokuja kilisema "betri mchanganyiko" na uzito wa jumla. Cheti cha namna hiyo hakinisaidii mimi wala mkaguzi wa NEMA, kwa sababu risasi na lithiamu zina njia mbili tofauti kabisa na hatari mbili tofauti.

Kuhusu pesa, betri za risasi walizinunua kwa bei ya chini kuliko ya mkokoteni. Za laptopu nililipa ada ndogo. Naona ni haki. Kuzuia asidi na moshi kuna gharama, na bei nono ya mkokoteni inalipwa na jirani wa yule anayeyeyusha.

Vile vibetri vya duara havikuwa na chombo chake pale, nami naona ni pengo kubwa. Mtoto akimeza kimoja kikakwama kooni, kinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Nyumbani na saiba ninaviweka kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, kila kimoja kimezungushiwa tepu, juu ya kabati. Walikubali kuipokea chupa nzima ikijaa.

Kwa upokezi na usalama wa kazi nawapa alama za juu. Kwa karatasi, wastani. Mzigo ujao nawapelekea wao tena, ila kaunta siondoki hadi nipewe cheti kilichoandikwa risasi mbali na lithiamu mbali.