Programu ipi ya akili mnemba ilipiwe ili isimulie mauzo yako

Mwezi wa Julai msomaji mmoja, mfanyabiashara wa vitenge mjini Mombasa, aliniandikia kwa uchungu. Alikuwa amepeleka ombi la mkopo pamoja na taarifa iliyoandikwa na programu ya akili mnemba, yenye chati na maelezo ya kuvutia, na afisa wa mikopo akamuuliza mauzo ya Desemba ameyatoa wapi ilhali mwaka haujafika huko.

Chanzo kilikuwa tarehe. Jedwali lake lilikuwa la mauzo ya Juni peke yake, na siku ilitangulia mwezi kama tulivyozoea kuandika. Programu ilifuata utaratibu wa Marekani, hivyo 01/06 ikasomwa kuwa Januari 6, 02/06 ikawa Februari 6, na kadhalika hadi 12/06, iliyogeuka Desemba 6. Kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, siku zilizosalia zikabaki Juni. Kutokana na mchanganyiko huo, programu ikasimulia habari za duka linalouza mwaka mzima na kufikia kilele Juni. Ufasaha ndio uliomponza, maana taarifa iliyoandikwa ovyo angeirudia kuikagua.

Kwa hiyo rangi za chati na kasi ya majibu naziachia wengine. Ninachouliza ni kama programu inaniwezesha kuona ilivyozisoma tarehe zangu kabla haijaanza kusimulia.

Kwa kigezo hicho naitanguliza ChatGPT Plus, toleo la kulipia la ChatGPT, na sifichi kwamba naipendelea. Hugharimu dola 20 kwa mwezi, na inapochambua jedwali hutumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa, unaweza kuufungua au kumwomba anayeufahamu akusomee. Iagize kwanza itaje tarehe ya mwanzo, tarehe ya mwisho na idadi ya mauzo ya kila mwezi, ndipo uombe simulizi. Ikidai kwamba mauzo yalipanda kwa sababu ya sikukuu, iulize ni wapi katika jedwali sikukuu hiyo imetajwa.

Ya pili ni Gemini, akili mnemba ya Google, ndani ya majedwali ya Google Sheets, kwa kuwa takwimu hubaki mbele ya macho yako. Ingia kwenye mipangilio ya jedwali, uchague Uingereza kuwa eneo lako kabla ya kuingiza faili, na siku itatangulia mwezi.

Copilot, akili mnemba ya Microsoft, ndani ya Excel naiweka ya tatu, na kwa ofisi inayoilipia tayari tu. Humo tarehe hufuata mipangilio ya kompyuta, ambayo wengi hawajawahi kuigusa.

Matoleo ya bure yanafaa kwa majaribio, ila kikomo cha matumizi hukukuta kazi ikiwa nusu.

Wanaoniudhi ni wauzaji wa mitandaoni wanaouza akaunti za kugawana bila kumweleza mteja kwamba wenzake wataweza kusoma mauzo yake yote kwenye historia ya mazungumzo. Wapo pia wanaobandika nembo yao juu ya huduma hizi hizi na kutoza zaidi, kana kwamba bei ya dola na VAT ya asilimia 16 hapa Kenya hazitoshi. Nikiwauliza wanavyosoma tarehe, hunitumia orodha ya bei. Kabla hujawapa hata shilingi, watumie jedwali la mistari mitatu, 05/06, 12/06 na 13/06, na uwaambie wakurudishie majina ya miezi.